Moto Haukimbizwi

Fundi alikuwa na tabia ya kumpiga mtu kofi mkononi pale kidole chake kilipogusa kitufe cha kukimbia katika gemu. Halikuwa kofi la hasira. Lilikuwa kofi jepesi la vidole viwili, kama la mama anayemzuia mtoto asionje mboga kabla haijaiva. Lakini alilitoa kwa kila mtu bila ubaguzi: kwa vijana wa bodaboda waliosubiri abiria mbele ya kibanda chake karibu na stendi ya Ngara, kwa karani aliyefuata pasi yake ya umeme, na siku moja, mbele ya macho yangu, kwa katekista. "Moto haukimbizwi," alimwambia. Katekista aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, kisha akaiweka padi, kile kidude cha kuchezea gemu, mezani na kuondoka bila redio aliyoijia.

Naandika habari za mtu huyu kwa sababu ya gemu moja, na kwa sababu nimeshindwa. Kwa miaka kadhaa nimejaribu kuwashawishi watu wenye akili timamu walicheze gemu lile, nami sijampata hata mmoja aliyefika nusu yake. Sasa nimeanza kuamini kwamba siwezi kulieleza gemu bila kumweleza Fundi, ingawa hakuna adui aliyelichafulia jina kama alivyolichafulia yeye.

Gemu lenyewe ni hili. Wewe ni msafiri katika nchi ambayo moto umezimika majikoni. Umebeba chungu kidogo chenye kaa moja, na kazi yako ni kulifikisha kaa hilo kijiji cha mwisho, ng'ambo ya mto. Huna panga wala mkuki. Ukikimbia, upepo unalimaliza kaa. Ukisimama mno mvuani, linazimika. Likififia, huna budi kuingia katika nyumba ya mtu, kuketi, na kumsikiliza mwenyeji mpaka aongeze kuni. Yako magemu mengi ya jinsi hii, ambamo mchezaji huishi maisha ya mhusika mmoja na kumkuza hatua kwa hatua; lakini katika mengi niliyoyaona mhusika hukua kwa kuua. Katika hili hukua kwa kujulikana. Mbwa aliyekubwekea mara ya kwanza hatakubwekea ya pili, iwapo ulichutama mbele yake. Mzee uliyempita bila kumsalimu atapeleka habari kijiji kinachofuata, nawe utakuta milango imefungwa, tena hutaambiwa kwa nini.

Mimi nilikulia Mbuba. Nilitumwa kwa jirani na kigae kuomba moto kabla sijajua kuandika jina langu, na ninajua kwamba hukupewa moto ukiwa umesimama mlangoni. Uliketi. Uliulizwa habari za bibi yako, za ng'ombe, za mguu wa kaka yako. Moto ulikuja baadaye, na ulikuja na maneno. Sikutegemea kuja kuiona adabu hiyo ndani ya televisheni ya chogo, katika gemu lililotengenezwa na watu ambao hawajawahi kusikia habari za Ngara.

Gemu lilikuwa katika Kijapani. Hilo nililijua baadaye sana. Fundi aliyaita maandishi yake "vijumba", kwa kuwa kila herufi aliiona kama nyumba yenye paa na madirisha. Hakuna mtu wilaya nzima aliyeweza kuisoma hata moja. Kwa hiyo alilisoma gemu kwa kulijaribu. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, limeviringika pembe kwa kushikwa, na humo alichora kila kijumba alichokutana nacho na kuandika kando yake maana aliyoikisia. Kijumba chenye miguu miwili: *ingia*. Kijumba chenye kitu kama mvua juu: *ngoja*. Alipogundua kwamba amekosea, hakufuta, alipiga mstari mmoja na kuandika chini yake, kwa mwandiko wa shule ya zamani, "Nilidanganyika." Kurasa nyingine zilikuwa na "Nilidanganyika" nne au tano.

Mashine ya gemu hakuwa ameinunua. Kabla ya kuhamia Ngara mjini, meza yake ya ufundi ilikuwa Rusumo, kando ya foleni ya malori, na dereva mmoja alimwachia begi lenye mashine iliyokufa na diski moja ndani yake. Dereva alivuka daraja kuingia Rwanda na hakurudi. Fundi aliitengeneza mashine, akalijaribu gemu ili ahakikishe kwamba imepona, na hapo ndipo aliponaswa. Lakini hata baada ya miaka kumi hakuwahi kusema "mashine yangu". Alisema "hii mashine ya watu". Kila jioni aliifuta vumbi na kuifunika kitambaa cha kufuma, na aliyeiwekea kikombe cha chai juu yake alifukuzwa kibandani.

Nami nilimfahamu kupitia redio ya baba. Nilikuwa kidato cha pili nilipotumwa kuifuata. Fundi alinipa kigoda, akanipa padi, akasema redio itakuwa tayari nitakapofika nyumba ya tatu. Nilidhani ni utani. Nilifika nyumba ya tatu baada ya safari nne za stendi, na redio, kama nilivyokuja kugundua, ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza.

Huyo ndiye Fundi: mtu aliyehubiri subira na hakuwa nayo. Aliweza kusubiri nusu saa mbele ya mlango wa gemu mpaka mwenyeji aseme neno, lakini mteja aliyechelewa kujibu swali alikatizwa na kuitwa zuzu. Aliwafundisha watu kumkaribisha mgeni, na kibandani kwake palikuwa na kigoda kimoja tu. Aliusema mpira kuwa ni mchezo wa watu wanaokimbia bila kutumwa. Lakini Jumapili nilimkuta mara mbili ameinama chini ya benchi, sikio limegusa redio ya mteja, anasikiliza mechi kwa sauti ndogo kama mtu anayeiba. Nilipomuuliza, alisema anapima spika.

Vijana walimchokoza bila kukoma, kwa kuwa alikuwa na diski ya gemu la mpira na aliificha.

"Fundi, weka mpira bwana! Huyu mtu wako hana hata panga?"

"Panga la nini? Anakwenda kuomba moto au kuvamia?"

"Sasa akikutana na jambazi?"

"Atamsalimu."

"Jambazi anayeteka magari Lusahunga umsalimu? Fundi, wewe hujapanda gari siku nyingi."

Walicheka, naye akacheka, halafu akaipokonya padi kutoka kwa aliyecheka zaidi. Hapo ndipo nilipokuwa nikiumia. Mara kumi nilimwona kijana ameanza kulielewa gemu, mabega yameshuka, macho yametulia, yu karibu kabisa kuona kile tulichokiona sisi. Na mara kumi Fundi alimharibia kwa kofi la vidole viwili, kwa sababu kijana alisahau kumwamkia mwenye nyumba. "Mwenye haraka humsalimu mbwa akamsahau mwenye nyumba," alisema, na kijana aliinuka na kwenda kwenye mashine za kubahatisha za jirani, ambako hakuna aliyempiga mkono.

Niliwahi kumwambia, "Fundi, unawafukuza."

"Sijawafukuza. Hawajafika."

Hajibu hivyo mtu anayetaka kueleweka. Lakini naomba msomaji aniamini: hakuwa na kiburi. Aliogopa. Aliamini kwamba gemu lile lina mwisho mzuri, na kwamba mwisho huo hupewa mtu asiyefanya kosa hata moja njiani. Yeye mwenyewe hakuwa ameuona. Alikuwa amekwama.

Alikwama kwa Bibi wa Mtoni. Hiyo ndiyo nyumba ya mwisho kabla ya daraja, na kwa hesabu ya watu wanaolijua gemu lile ndiyo katikati yake hasa. Nusu nzima ya nchi iko ng'ambo. Bibi anakuketisha, anakupa bakuli la kitu chenye mvuke, anasema maneno machache, na kwenye kioo yanatokea majibu mawili, moja juu na moja chini. Mara ya kwanza kabisa Fundi alijaribu kubonyeza la juu. Akaona msafiri ameanza kuinuka na bakuli bado mkononi, akazima mashine kwa aibu. Kwetu mgeni haondoki kwa kuinuka tu. Huomba ruhusa, na mwenyeji humwambia aketi kwanza, amalize, aongezewe, na mwenyeji anaporidhika ndipo anapomruhusu, naye huinuka pamoja na mgeni kumsindikiza. Fundi alihukumu kwamba jibu la juu ni utovu wa adabu. Akabonyeza la chini. Bibi akajaza bakuli na kuuliza tena. Akabonyeza la chini. Bibi akajaza. Katika daftari aliandika: "Hapa ni kungoja ruhusa." Neno hilo halikupigwa mstari kamwe. Kwa zaidi ya miaka kumi alilianza gemu upya, akavuka vijiji vyote bila kosa, akafika kwa Bibi, akaketi, akangoja kuruhusiwa. Siku nyingine aliiacha mashine ikiwaka tangu asubuhi huku akitengeneza pasi za watu, na kila baada ya muda aliunyoosha mkono na kubonyeza la chini.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikutana na mtandao usiokatika, na humo nikagundua kwamba hatukuwa peke yetu. Gemu lile liliposhindwa kuuzika huko lilikotengenezwa, watu wachache walilishika kama watu wanavyoshika imani ya wazazi wao. Wakalitafsiri kwa Kiingereza kwa kujitolea, neno kwa neno, wakaliweka wazi kwa yeyote. Nilitafuta Bibi wa Mtoni. Alikuwa akiuliza: *Mwanangu, umepata moto wa kutosha?* Jibu la juu lilikuwa: *Ndiyo, naomba kwenda.* Na la chini lilikuwa: *Bado.*

Niliifunga simu. Sikuendelea kusoma yaliyo ng'ambo ya mto. Niliapa kwamba sitavuka kabla yake, na likizo ilipofika nilishuka stendi ya Ngara nikiwa na tafsiri yote simuni, nina furaha ya mtu anayepeleka dawa.

Fundi alikataa hata kuitazama.

"Usinisomee."

"Fundi, ni ukurasa mmoja tu. Umekosea mahali pamoja."

"Nyumba ya mtu haisomwi. Huingiwa."

"Lakini umekaa hapo mlangoni miaka yote hii!"

"Nimekaa ndani," alisema. "Wewe ndiye uliye mlangoni."

Nililia ndani ya gari kutoka Ngara hadi Nyakahura. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba ukweli ukishapatikana, kilichobaki ni kuupeleka tu.

Nilipoajiriwa Biharamulo niliamua kwamba kama Fundi hataki, wanafunzi wangu watataka. Niliweka gemu la tafsiri kwenye kompyuta ndogo, nikaomba ruhusa ya kuanzisha klabu baada ya vipindi. Mkuu wa shule alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwalimu, gemu ni gemu. Leo wanabeba moto, kesho wanabeti." Nilimweleza kwamba katika gemu hili hakuna kubahatisha, kwamba mtoto atajifunza kusikiliza kuliko katika masomo yangu yote ya uraia. Alinipa Ijumaa mbili.

Ijumaa ya kwanza walikuja thelathini.

"Madamu, tunamuua nani?"

"Hatumuui mtu."

"Sasa tunashindaje?"

"Tunafika."

"Tukifika tunapewa nini?"

Nilisema tunapewa kuaminiwa, na hata masikioni mwangu neno hilo lilisikika kama hotuba ya mgeni rasmi. Walikimbia. Kaa likazimika. Wakaanza tena, wakakimbia tena. Msichana mmoja aliketi kwa mwenyeji wa kwanza na kusoma maneno yake yote, mpaka wenzake wakamzomea, "We' dada, umeolewa humo?" Na hapo, kabla sijafikiri, niliunyoosha mkono na kumpiga mmoja wa waliomzomea kofi la vidole viwili. Ijumaa ya pili walikuja wanne. Msichana yule hakuwemo.

Mwaka huu, likizo ya Pasaka, nilikwenda tena Ngara. Kibanda hakipo, mahali pake pana dirisha la kutuma pesa kwa simu. Nilielekezwa nyumbani kwake, chini ya mteremko wa soko. Mkewe alinipokea uani, akauangalia mkoba wangu na kucheka.

"Umekuja kumwona mzee au mke mwenzangu?"

"Mke mwenza yupi, mama?"

"Si yule wa mtoni! Miaka yote hii naishi na mke mwenza ndani ya televisheni, na hata kupika hapiki, anajaza bakuli lile lile."

Fundi alikuwa ameketi sebuleni, televisheni ya chogo mbele yake, mashine imefunikwa kitambaa chake. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Aligeuza sikio.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Usitaje jina." Akaipima sauti yangu. "Binti wa redio. Baba hajambo?"

"Hajambo. Redio bado inaimba."

"Si niliitengeneza mwenyewe?"

Mkewe alinimiminia chai, tukaongea habari za mvua, za migomba, za barabara. Aliniambia kwamba anasubiri kufanyiwa upasuaji wa macho na kwamba hana hakika nao. Kisha akasema kwamba lenzi ya mashine, ile inayosoma diski, nayo imechakaa. Ameisafisha mara nyingi, na haina safari nyingi zilizobaki, pengine moja. Alisema hayo kwa sauti aliyokuwa akiitumia kumwambia mteja kwamba kifaa chake hakiponi. Halafu, bila kunielekea:

"Ile simu yako bado ina yale maneno?"

"Yamo."

"Mimi siwezi tena kuviona vijumba. Nishikie padi. Tuko kwake tayari. Niliihifadhi safari hapo kabla macho hayajaharibika."

Mashine ilikwaruza, ikasita, ikaingia. Bibi wa Mtoni alikuwa ameketi kama tulivyomwacha. Nilitoa simu na kumsomea Fundi kwa Kiswahili, polepole, jinsi nilivyokuwa nimejiandaa kusoma tangu nikiwa chuoni. Lakini furaha ile haikuwepo tena.

"Anauliza: mwanangu, umepata moto wa kutosha? Jibu la juu ni: ndiyo, naomba kwenda. La chini ni: bado."

Fundi alibonyeza hewa kwa kidole gumba.

"Nami nilikuwa nikibonyeza..."

"La chini."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Fundi."

"Na yeye anajaza."

"Anajaza."

"Hakuwahi kunifukuza?"

"Hakuwahi."

Alitikisa kichwa taratibu, na mabega yakaanza kutetema, na ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. "Huyo ni mwenyeji," alisema. "Mimi mtu kama mimi ningekwishamfukuza." Akajifuta macho kwa kiganja. "Haya. Mwambie unatosha. Mwambie kwa adabu."

Nilibonyeza la juu. Msafiri aliinuka. Nikaona bakuli likirudi mezani lenyewe, jambo ambalo Fundi hakulingoja siku ile ya kwanza alipozima kwa aibu. Na baada ya msafiri, Bibi naye akainuka. Akachukua fimbo iliyoegemea ukuta, akafungua mlango. Mziki ulibadilika; ulikuwa mziki ambao hakuna aliyewahi kuusikia Ngara.

Fundi aliinua kidole. "Nyayo hizo ni za watu wawili."

"Ndiyo."

"Nani mwingine?"

"Bibi. Anatusindikiza."

Aliunyoosha mkono wake mpaka ukaufikia wangu, akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja juu ya padi, kuhakikisha kwamba hakuna kilichogusa kitufe cha kukimbia. Hakikugusa. Tulikwenda kwa mwendo wa Bibi, fimbo na hatua, fimbo na hatua, mpaka darajani.

Katikati ya daraja picha iliganda. Mziki ukawa mlio mmoja. Nilizima, nikawasha, mashine ikakwaruza na kunyamaza. Nikazima, nikawasha. Mara ya nne haikukwaruza hata kidogo, kioo kikabaki cheusi, na mimi, mwalimu wa uraia, nilimpandishia sauti mzee kipofu nyumbani kwake.

"Tungevuka tangu nikiwa chuoni! Ungenisikiliza siku ile, tungevuka! Sasa hatutajua kilichoko ng'ambo, wewe kwa kuwa mashine imekufa, mimi kwa kuwa niliapa sitavuka kabla yako, na yote kwa sababu ya ukaidi!"

Mkewe alisimama mlangoni na birika. Fundi alitafuta kitambaa chake mezani, akakikunjua, akaifunika mashine ya watu na kunyoosha pembe zote nne. Niliona aibu, na nikiwa na aibu nikaitazama saa, nikainuka.

"Samahani, Fundi. Naomba ruhusa niende. Gari la Biharamulo litaniacha."

Alikisukuma kikombe changu kwa kidole mpaka kikafika ukingoni mwa meza, upande wa mkewe.

"Bado," alisema.

Huko juu stendi gari lilipiga honi, kisha likapiga tena. Niliketi, na mama akaanza kujaza.